Vidole Vitatu

Kazi ya kwanza niliyoaminiwa nyumbani kwetu Lamu, katika mtaa wa Langoni, ilikuwa kumtengenezea Bibi tambuu baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Nililitoa jani katika kitambaa kibichi, nikalifuta kwa upindo wa leso, nikalikata kikonyo na kuuvuta mshipa wa katikati, kisha nikalipaka chokaa kwa ncha ya kidole, kidogo tu, kwa sababu chokaa ikizidi huunguza ulimi, na kosa hilo nililifanya mara moja sikulirudia. Juu ya chokaa nilipaka katu, ile rangi nyekundu itokayo katika mti, nikapanga vipande vya popoo, mbegu ngumu ya mpopoo, nilivyovikata vyembamba kwa mkasi wake, nikaongeza punje ya iliki, na siku za wageni nikaweka tumbaku kando kwa wale walioitaka. Jani lilikunjwa pembetatu na kufungwa kwa karafuu moja iliyochomekwa kama kijiti. "Ndoo hapa, mwanangu," alikuwa akisema, nami nikimpa kwa mikono miwili.

Hakuna Mwamu, mtu wa Lamu, anayehitaji kuelezwa tambuu ilikuwa nini katika nyumba zetu. Ndiyo iliyokuwa makaribisho ya mgeni, ndiyo iliyopambwa katika sinia ya posa na ya harusi, na kijaluba cha shaba cha Bibi, chenye vyumba vinne ndani kwa ajili ya uraibu, kilikaa kando ya msala wake kana kwamba ni sehemu ya ibada. Wala si jambo la jana: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, sultani alimpelekea sahani ya majani ya tambuu na popoo kabla hajaletewa chakula. Nayataja haya ili ieleweke kwa nini ilinichukua miaka mingi kukiona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Kitu kikiingia nyumbani na heshima ya namna hiyo, hakuna anayekikagua.

Bibi alianza kwa kuacha pilipili. Mwanamke ambaye chakula bila achari kwake kilikuwa chakula cha mgonjwa, alianza kulalamika kwamba mchuzi wangu unamchoma, hata ule niliokuwa nimempikia mtoto wa miaka miwili. Tukasema ni vidonda vya tumbo. Kisha tonge lake likaanza kupungua. Naliona tonge hilo hadi leo: mwanzo lilikuwa tonge la wali la mtu mzima, baadaye likawa kama tende, baadaye kama kunde, hadi alipouacha mkono kabisa akaanza kutumia kijiko cha chai na mkate akauloweka mpaka uyeyuke. Siku moja aliinama kuupuliza moto wa seredani, na pumzi ikatoka kwa pembeni kwa sababu mashavu hayakujaa. Alicheka, tukacheka naye, ila hata kicheko chake kilikuwa kimekuwa chembamba, cha meno ya mbele tu. "Ni uzee huu," alisema, nasi tukamwitikia, kwani alikuwa amepita sitini na hakuna aliyewahi kutwambia kwamba uzee haufungi kinywa.

Zahanati moja tuliyokwenda ilitupa dawa ya kusukutua, ikatupa vitamini, na mara ya tatu ikatupa vidonge vya tumbo. Katika safari zote hizo hakuna aliyemwambia Bibi afunue kinywa akamulikwa kwa tochi. Silisemi hili kwa uchungu mkubwa, kwa kuwa hata mimi niliyekaa naye usiku na mchana sikumtazama ndani ya kinywa.

Aliyemtazama alikuwa daktari wa meno huko Malindi. Tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi kupitia Witu na Garsen, na Bibi njia nzima alikuwa na kijaluba chake mapajani. Daktari hakuuliza habari za tumbo. Alimwomba Bibi asimamishe vidole vitatu vya mkono wake mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, kimoja juu ya kingine, avipitishe baina ya meno ya juu na ya chini. Mtu mzima asiye na tatizo, alieleza, huvipitisha vyote vitatu bila taabu. Bibi alijaribu vitatu vikakataa, akajaribu viwili vikakwama kwenye ukucha. Kimoja ndicho kilichoingia. Nilisimama nyuma ya kiti nikiwa nimeuziba mdomo wangu kwa buibui, na chini ya buibui, bila ya mtu kuniona, nilivijaribu vya kwangu.

"Unatafuna popoo, mama?" daktari akauliza.

Bibi alikasirika. Alijibu kwamba yeye ni mtu wa heshima zake, hali miraa, havuti sigara, na hiyo tambuu anayokula haijawahi kuingia tumbaku hata siku moja. Daktari hakubishana naye. Aliniita, akalivuta shavu la Bibi kwa kijiti cha chuma, akanimulikia. Ndani hapakuwa na wekundu niliotarajia. Palikuwa peupe kwa madoamadoa kama ngozi iliyoungua ikapona, na chini ya weupe huo kamba ngumu zimesimama wima kutoka ufizi wa juu hadi wa chini. Alinivisha glavu akanitaka nizipapase. Zilikuwa kama kano za kuku.

Maelezo aliyotupa siku ile, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, ni haya. Popoo ina kemikali iitwayo arekolini, ambayo ndiyo inayompa mtafunaji joto mwilini, jasho la paji la uso, moyo kwenda mbio na ile raha ya kuwa macho. Na kemikali hiyo hiyo huzichochea seli za utando wa kinywa zitengeneze nyuzi za kolajini kupita kiasi, huku mwili ukizidiwa katika kuzivunja zile za zamani. Chokaa huzidisha mambo, kwani huuchubua utando na kuifanyia popoo kazi yake iwe nyepesi. Mwaka baada ya mwaka utando ule laini unageuka kovu, na kovu hilo kwa kawaida halirudi nyuma hata mtu akiacha. Kuacha kunalizuia tu lisiendelee. Halina maumivu makubwa, na hapo ndipo linapomdanganya mtu. Mlaji huungua kidogo akila pilipili, basi anaiacha pilipili, anabaki na popoo.

Jambo lililonishangaza zaidi nilipoanza kusoma ni kwamba habari hizi zilikuwa za kwetu tangu zamani. Mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz aliuelezea ugonjwa huu baada ya kuwachunguza wanawake watano wa Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya, na mwaka uliofuata daktari mwingine, Joshi, akauelezea huko Bombay. Maana yake ni kwamba Bibi alipokuwa bado kijana, anapambwa na kutafunishwa tambuu yake ya kwanza, vinywa vya wanawake wa nchi hii hii vilikuwa vimekwisha kuandikwa katika majarida ya madaktari, na habari hiyo haikupata njia ya kufika Langoni.

Tulirudi Lamu na Bibi akaendelea kutafuna, kidogo kidogo na kwa siri, na mimi niliyekuwa nikimnunulia nilijua. Baada ya mwaka na nusu kikaota kidonda ndani ya shavu la kushoto, mahali pale pale alipokuwa akiliweka tonge la tambuu usiku na kulala nalo. Kipande kilikatwa, kikapelekwa maabara Mombasa, na jibu likawa saratani. Sitasimulia miezi iliyofuata isipokuwa kwa neno moja: upasuaji wa shavu kwa mtu ambaye kinywa hakifunguki ni kazi mara mbili, na kumlisha baada yake ni kazi mara tatu. Alifariki mwezi wa Rajabu. Waliomwosha walitaka kujua kwa nini meno yake yalikuwa meusi hivyo, wakajibiwa kwamba ni tambuu, wakatikisa kichwa kwa namna ya kusifu. Weusi wa meno ulikuwa pambo la wazee.

Sasa niyaeleze ya kwangu. Nilimuuguza Bibi nikiwa mtafunaji mwenyewe, kwa miaka kumi na mmoja, na nilikuwa na kinga moja imara ambayo naisikia hadi leo kila barazani: sisi hatutii tumbaku. Kinga hiyo ina asili ya kweli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 1985 lilikuwa limetoa hukumu juu ya tambuu yenye tumbaku, likisema kwamba inasababisha saratani, na kuhusu ile isiyo na tumbaku ushahidi uliokuwapo wakati ule haukutosha. Ila mwaka 2003 wataalamu walikutana upya, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yaliweka tambuu bila tumbaku, na popoo peke yake, katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, lile lile linalokaa tumbaku na asbesto. Yaani popoo ikiwa kavu, ikiwa mbichi, ikiwa imetiwa sukari na iliki, ikiwa imefungwa kwa karafuu na mjukuu mwenye adabu. Jani la mtambuu lenyewe silo lililolaumiwa.

Kuacha hakukuwa kwepesi kama nilivyojigamba mbele ya watu. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma, usingizi ukanijia saa za kazi, na mkono ukawa unakwenda wenyewe kwenye mkoba. Kilichonisumbua zaidi ni kinywa kukosa kazi baada ya kula. Nilihamia kwenye iliki tupu, kisha kwenye vipande vya nazi kavu, na mara mbili nilianguka, mara ya pili katika harusi ya binamu yangu, ambapo kukataa sinia kulionekana ni kumkataa mama wa bibi harusi. Tangu hapo nimejifunza kulipokea jani kwa heshima zake zote, kuliweka katika leso, na kurudi nalo nyumbani likiwa zima.

Kuna upande mwingine wa habari hii, nao niliufahamu kwa mjomba wangu. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño kuijaza ardhi ya Lamu maji kwa namna ambayo hatukuwa tumeizoea, Mjomba aliona kwamba popoo zinazotoka nje zinauzwa ghali na akaamua kupanda zake. Alileta miche mia mbili kutoka Unguja, akakata miembe sita ya marehemu babu ili kupata nafasi katika shamba lake nyuma ya mji, akapanda. Miembe hiyo ndiyo iliyokuwa kivuli. Mpopoo mchanga hauvumilii jua la moja kwa moja, na ilipoingia kaskazi, msimu wa joto na ukame, majani ya miche yakaanza kubabuka upande wa magharibi kama yaliyopitishwa juu ya moto.

Akanunua pampu. Hapa inabidi nieleze kwa msomaji asiyekaa kisiwani: maji matamu ya Lamu ni maji ya mvua yaliyochujwa na mchanga, ambayo yamelala juu ya maji ya chumvi ya bahari kama mafuta yalalavyo juu ya mchuzi, na ndiyo maana vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo visima vyake ndivyo vinavyounywesha mji, vinalindwa visijengwe. Ukichota kwa ndoo, maji matamu hupata muda wa kurudi. Ukivuta kwa pampu kutwa kucha, unachota juu na chumvi inapanda kutoka chini. Mpopoo ni mti wa nchi za mvua, mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, na kiangazi haukai bila kunyweshwa. Katika kaskazi ya tatu kisima cha Mjomba kilikuwa kichungu, na katika ya nne kisima cha jirani yake, mtu ambaye hakupanda hata mpopoo mmoja, nacho kikawa hakifai kwa chai. Ugomvi wao ulifika kwa wazee wa mtaa na haukwisha hadi mmoja wao alipokufa. Kati ya miche mia mbili ilibaki tisa, na tangu siku ile hadi leo sijaona popoo iliyotoka humo.

Mjomba aliamini kwamba kosa lilikuwa la ardhi yetu, na kwamba huko kwenye wenyewe mambo ni neema tupu. Sivyo. Huko Karnataka, jimbo linaloongoza kwa popoo nchini India, mashamba hunyweshwa miezi ya ukame na visima vya mashine vimekuwa vikizidi kwenda chini. Msimu wa masika wa huko huleta ugonjwa wa kuoza matunda uitwao koleroga, na dawa yake ya miaka mingi ni mchanganyiko wa Bordeaux, yaani salfati ya shaba na chokaa, unaopuliziwa juu ya mashada mwaka baada ya mwaka. Shaba haiozi, hivyo hujilimbikiza katika udongo. Popoo changa nazo huchemshwa kabla ya kukaushwa, na kuchemsha ni kuni. Taiwan walikwea nayo milimani: misitu yenye mizizi mirefu ikakatwa, mipopoo ikapandwa kwenye miteremko, na kwa kuwa majani yake ni machache na mizizi yake haiendi chini, mvua kubwa ikishuka hakuna cha kuukinga udongo wala cha kuushika. Serikali ya huko imefika mahali pa kuwalipa wakulima waing'oe na kupanda mazao mengine.

Hata chokaa niliyokuwa nikiipaka kwa ncha ya kidole ilikuwa na safari yake. Ile ya kwetu ilitoka katika tanuu, ambamo mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa hadi yawe unga. Sisemi kwamba Bibi ndiye aliyemaliza magogo ya Lamu, kwani chokaa ya tambuu ni tone katika chokaa ya kujengea. Nasema tu kwamba sikuwahi kufikiri kuwa kitu kidogo kama kile kilitoka mahali fulani.

Wazee wanaotafuna tambuu ya jani wanapungua, na ningefurahi kama habari ingeishia hapo. Iliyochukua nafasi yake ni popoo ya vipakiti, iliyokatwa, ikatiwa sukari na manukato, na mara nyingi tumbaku pia, bei yake ikawa ndogo kiasi kwamba mtoto aliyetumwa mkate hurudi na chenji pungufu na harufu ya waridi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 haikuvigusa vipakiti hivyo, kwa kuwa vifungashio vya bidhaa zinazofungwa kiwandani viliachwa nje. Vinajaa katika mifereji ya vichochoro vyetu, na mvua ya kwanza inavishusha vyote hadi baharini. Mwezi wa Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kupiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, pwani nzima ilishughulika na mjadala huo, nami nilikaa barazani nikawasikiliza wanaume watatu wakiulaani muguka kwa ufasaha mkubwa huku kila mmoja akitema mate mekundu kando ya ukuta. Sikusema kitu. Wa katikati alikuwa mwalimu wangu wa Kurani.

Nimechukua desturi ambayo wengine katika jamaa wanaiona ni ya kuchekesha. Mtu akinitembelea na nikajua kwamba anatafuna, baada ya chai namwomba asimamishe vidole vitatu. Shemeji yangu aliviingiza vyote akaniona nimechanganyikiwa. Jirani mmoja mjamzito, aliyeambiwa kwamba popoo inatuliza kichefuchefu, naye viliingia, lakini nilimweleza kwamba watafiti wameikuta popoo ikiandamana na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, na akanikabidhi pakiti yake bila kubishana. Wanawake wa rika langu huomba kwanza mlango ufungwe.

Wiki iliyopita alikuja mpwa wangu, mwenye miaka ishirini na tatu, baharia wa boti ya abiria, aliyeanza vipakiti akiwa darasa la saba. Nilikuwa nimepika samaki wa kupaka. Aliukwangua mchuzi kwa ncha ya kijiko, akausukuma pembeni mwa sahani, akala wali mweupe.

"Unakuchoma?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, Shangazi. Umezidisha pilipili."

Sikuwa nimetia pilipili. Nilimwambia avisimamishe vidole. Alicheka, kwa kuwa ameuona mchezo huo kwa wengine, akavipeleka kinywani, na kile cha tatu kikabaki nje. Akajaribu tena akiwa ameinua kichwa, kama mtu anayedhani tatizo ni shingo. Kisha akaishusha mikono akaviangalia vidole vyake, akaniuliza kama inawezekana ni kwa sababu vyake ni vinene.

Jumanne tunakwenda Malindi. Boti ya Mokowe ni ile ile anayoifanyia kazi, ameomba ruhusa kwa nahodha, na nauli ya basi ameshaniletea.